Bega Lililoguswa Siku ya Gwaride

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti kituo kidogo cha polisi Kikatiti, barabara ya Moshi, na buti mpya zinazonibana na kiherehere tele. Mkuu wa kituo, sajenti mmoja asiyecheka, hakunipa hata kiti. Alinipeleka uani nikaone gwaride la utambulisho, yaani mtuhumiwa anasimamishwa katikati ya watu wanaofanana naye, shahidi anapita mbele yao, na akimtambua aliyemwona anamgusa bega. Mtuhumiwa wa siku ile alikuwa peku, kwa hiyo sajenti aliwavua viatu watu wote kwenye mstari. Nikamuuliza ya nini usumbufu wote huo.

"Shahidi akimtambua kwa miguu, hajatambua mtu," alisema. "Amechagua maskini."

Niliishika hiyo. Nikapita chini ya wakuu wengi, mmoja akipenda buti zinazong'aa kuliko ushahidi, mwingine akipiga kelele hadi anakohoa, nikapanda hadi mkaguzi. Mjini Arusha nikawa msimamizi wa magwaride, kwa sababu mpelelezi wa kesi haruhusiwi kusimamia gwaride la kesi yake mwenyewe. Ninyi vijana mnaoingia kazini sasa, hilo mlishike.

Kisha likatupwa bomu la mkono kwenye mkusanyiko wa watu mjini. Waliokufa niliwaona kwa macho yangu, na sitaeleza. Mji mzima ulitaka mtu akamatwe, na mimi nilitaka vilevile. Akakamatwa Hamisi, fundi wa kuchomelea vyuma Ngarenaro, mwenye ndevu ndefu, aliyeonekana akipita jirani na pale jioni ile. Alisema alikuwa anatoka msikitini peke yake, na hakuna aliyeweza kumthibitishia. Shitaka la ugaidi halina dhamana. Akiguswa bega tu, atakaa mahabusu miaka akisubiri upelelezi ukamilike.

Mkuu wa upelelezi aliniletea Hamisi akiwa na kanzu na kofia, pamoja na askari wanafunzi walionyolewa vipara kuwa wenzake wa kwenye mstari. Nilidhani anatania. Hakuwa anatania jamani! Nikamwambia sipangi gwaride la namna hiyo, nikatoka mwenyewe kutafuta wanaume wenye ndevu. Wengi walinikimbia waliposikia ni kesi gani. Wa mwisho nilimpata palepale mapokezi, Mwinjilisti Elibariki wa usharika mmoja wa Kilutheri, aliyekuja kuripoti pikipiki yake iliyoibiwa. Ndevu zake zilimzidi hata Hamisi. Alisita, halafu akasema kama ni kumtendea mtu haki, basi atasimama. Wote nikawavalisha mashati. Hamisi akachagua mwenyewe pa kusimama, kama sheria inavyotaka.

Shahidi alikuwa Mama Neema, muuza ndizi, aliyempoteza dada yake kwenye mlipuko ule. Alisema alimwona mtupaji usoni. Alipita mstari mzima, akarudi. Akamgusa bega Mwinjilisti Elibariki.

"Ni huyu," alisema. "Macho haya nitakufa nayo."

Mungu wangu. Mama yule hakuwa anadanganya, alikuwa analia machozi ya kweli, na angeapa mahakamani bila kupepesa. Nilipomgeukia Hamisi, alikuwa amefumba macho, akisubiri kuguswa ambako kulishampita.

Niliandika nilichokiona nikampelekea yule mkuu wa upelelezi. Alisoma, halafu akaniambia nilirudie gwaride, safari hii Hamisi avae kanzu. Nilimwomba aniambie tena, maana sikuamini masikio yangu. Akaniambia tena, kwa upole kabisa, kama mtu anayeagiza chai. Nilikataa. Shahidi akishagusa amegusa, hakuna kumrudisha mpaka aguse unayemtaka wewe. Hamisi akarudishwa mahabusu hivyohivyo.

Elibariki tulimpa kikombe cha chai na pole. Alikishika bila kunywa.

"Afande," aliniuliza, "mbona mimi hamniulizi siku ile nilikuwa wapi?"

Kweli, hakuna aliyemuuliza! Nikarudi kwa mkuu palepale.

"Tumhoji kwa lipi?" alisema. "Yule si mtu wa Mungu?"

"Na Hamisi ni wa nani, afande?"

Wiki ileile nikapewa barua ya kuhamishwa. Gwaride langu lilibaki kwenye jalada kama nilivyoliandika, na wakili wa Hamisi akaling'ang'ania mpaka kesi ikafutwa. Aliyetupa bomu hakupatikana, na Mama Neema nikikutana naye sokoni nanunua ndizi zake na kuondoka. Kumshika asiye yeye kusingemrudishia dada yake, lakini hayo humwambii mtu aliyefiwa.

Nilistaafu nikajenga Olmotonyi, nikamwita Hamisi anichomelee geti. Alikuja na shemeji yake, mtu mzima, aliyekaa kwenye tofali kutwa nzima mikono mapajani. Mimi sipendi mtu mvivu kwangu. Jioni nilimuuliza Hamisi anamlipa ya nini mtu asiyeshika hata nyundo.

"Simlipi, mama," alisema huku akikunja nyaya zake. "Siendi mahali peke yangu siku hizi. Wakija kuuliza, awepo wa kusema nilikuwa wapi."

Jumapili iliyofuata Mwinjilisti Elibariki alipita kunijulia hali, na ndevu zake zilezile. Alikuja peke yake.