Kanga ya Bi Tahiya

Watu wa Mlandege wakimtaja Bi Tahiya husema "yule mama wa ushuru", basi. Mimi niliyemjua miaka kumi na saba siwezi kumaliza kwa maneno manne, wala siandiki haya kwa kumsifu tu. Nina dhambi yangu kwake, na nimechoka kuizunguka.

Alizaliwa Jongowe, kisiwani Tumbatu, akaolewa mjini Unguja, akafiwa na mume, binti yao Mayasa akiwa bado ananyonya. Akapata kazi ya kukusanya ushuru wa maduka na meza za barabarani. Ni kazi ya kutukanwa, lakini yeye aliifanya kwa adabu hata ukaona haya kumtukana. Hodi kwanza, kisha salamu, kisha habari za watoto, ndipo kitabu cha risiti kitoke mkobani. Siku moja kabla ya kupita alikuwa akijitembeza mtaani mikono mitupu, kama anayetafuta vitunguu, ili muuza vitumbua ajue kesho kuna nini. Na akishakukatia risiti, akikuona umenuna, husema yale yale: "Mjumbe hauawi, mwanangu." Tukacheka. Neno hilo likawa lake. Ukilisikia Mlandege, hata likisemwa na mtoto, anayekujia kichwani ni Bi Tahiya na miwani yake iliyofungwa kwa uzi.

Mimi nauza kanga. Duka alilifungua babu yangu, na katika ukoo wetu wa Wahindi wa Kibohora kila mtu ana fani yake. Yangu mimi ni majina. Jina la kanga ni yale maneno yanayochapwa juu ya pindo la chini. Naandika, napeleka kiwandani Bara, yanarudi robota kwa robota. Sijisifu, lakini nina mkono. Kanga ya rangi mbovu yenye jina kali huniishia kwa wiki moja, na ile nzuri yenye jina baridi hulala mpaka ikaliwa na mende. Wanawake wa hapa wana mengi ya kuambiana, na mengine hayasemeki ila kwa nguo.

Mwaka ule kodi za biashara zilipanda, na ushuru ukafuata nyuma yake. Wakati huo huo tukaambiwa matumizi yanabanwa: vibarua wa serikali wakapunguzwa, na dawa za presha za mama mkwe wangu zikawa ni za kununua. Watu wakachemka. Tutoe zaidi, tupate kidogo? Maduka yakafungwa siku mbili. Wafanyabiashara wakaandika barua, ikapitishwa mlango kwa mlango itiwe saini. Ilipofika kwangu nilisema kalamu imekwisha wino, nitatia baadaye. Sikutia. Niliogopa. Nina leseni, nina watoto, na mimi ni mwoga. Naznin, mke wangu, ananiambia hivyo tangu tulipooana.

Lakini hasira nilikuwa nayo, na kanga haina saini. Nikakaa nyuma ya kaunta, nikaandika: MJUMBE HAUAWI, LAKINI HAALIKWI. Nikacheka peke yangu. Nilijiambia kwamba nawapasha wakubwa waliopandisha kodi. Ukweli ni kwamba nilimchukulia Bi Tahiya neno lake mdomoni, na nilijua, maana ndilo lililonichekesha.

Kanga ile ilitoka kama maandazi ya asubuhi. Wale waliotia saini wakaja kunipa mkono. "Abizer, umewapasha!" Nami niliyeikimbia barua yao nikaupokea mkono na sifa zake.

Bi Tahiya alipita kwenye mzunguko wake, akasimama mbele ya kanga zilizotundikwa, akasoma. Akavaa miwani vizuri, akasoma tena. Kisha akanikatia risiti. Siku ile hakusema neno lake, na mimi nikajifanya nakunja nguo.

Miezi mitatu baadaye, Bi Kurwa, anayeuza mabuibui mlango wa pili, akaja kutaka doti arubaini za kanga ile ile.

"Sare," akasema.

"Shughuli ya nani?"

"Ya Mayasa, binti wa mama ushuru. Katualika mwenyewe kwa mdomo wake, nasi twenda. Lakini twenda tumevaa hiyo!" Akacheka mpaka akashika kaunta.

Ningeweza kusema zimekwisha. Ningeweza kusema, Bi Kurwa, muogope Mungu, usimfanyie mama wa watu hivyo mbele ya wakwe. Nilipanda ngazi, nikateremsha robota, nikamfungia vizuri kwa kamba.

Yaliyotokea nilisimuliwa na Naznin, aliyekuwapo. Upande wa bwana harusi walitoka Makunduchi, wanawake na mabegi ya bi harusi. Walipofika wakawakuta kina mama wa Mlandege wamejipanga mlangoni kuwapokea, kila mmoja na maneno yake kiunoni. Fumbo halina anwani. Humwangukia aliye karibu. Wageni hawakujua habari za ushuru. Walichojua ni kwamba wao ndio walioleta posa, wao ndio wajumbe, na leo wenyeji wanawaambia hawakualikwa. Mama wa bwana harusi akasimama kizingitini. "Basi turudini," akasema, na wenzake wakaanza kugeuka na mabegi yao. Mayasa alikuwa chumbani, keshapambwa, hina mpaka viwikoni, anasikia yote.

Bi Tahiya akamwendea Bi Kurwa, akamvua taratibu ile kanga ya mabegani, akajitanda yeye. Maneno yakamkaa mgongoni. Akawageukia wageni.

"Someni vizuri, ndugu zangu. Mjumbe ni mimi. Kazi yangu kukusanya ushuru, na hawa wenzangu wananisema mimi. Nyinyi hamkusemwa. Piteni ndani, mwanangu anakungojeni."

Wakapita. Naye aliivaa kutwa nzima, akigawa biriani kwa wale wale waliomvalia.

Naznin aliporudi aliivua yake, akaitupa juu ya kaunta. "Iuze tena," akaniambia.

Kodi haikushuka. Baada ya miezi miwili, ule mkono uliokuwa ukibana matumizi ukawafikia na watoza ushuru: zikaletwa mashine, wale wa zamani wakaambiwa ahsanteni. Bi Tahiya alikuwa miongoni mwa wa mwanzo. Anayekuja sasa ni kijana na mashine yake, na hapiti siku moja kabla kutafuta vitunguu.

Ijumaa moja baada ya sala nilikwenda kwake, Mwembetanga. Alinikaribisha mkekani, akanitilia kahawa, akaendelea kuchagua mchele wake. Nikamwambia yote: barua niliyoikimbia, jina nililoliandika, robota nililoliteremsha kwa mikono yangu.

"Maneno yale ulikuwa ukimwambia nani?" akaniuliza.

"Serikali, Bi Tahiya. Wallahi."

"Serikali inavaa kanga?"

Akatoa chuya mbili tatu, akazitupa uani.

"Nshakusamehe," akasema, upesi, kama mtu anavyomsamehe aliyemkanyaga sokoni. Nilitamani anitukane. "Ila Mayasa hajui nani kaandika. Yumo ndani, kaja kunitazama. Usimwambie. Usije ukautua mzigo wako kwa mwanangu."

Mlango wa ndani ukafunguka. Mayasa akatoka, tumbo limeanza kuonekana, akaufunga ushungi vizuri, akainama kidogo.

"Shikamoo, Mjomba Abizer. Mama ananambia kila siku, Mlandege nzima aliyekuwa akimstahi ni wewe."

Nilimtazama Bi Tahiya. Hakuinua macho kwenye ungo.

"Marahaba," nikaitika.