Mafuta Yaliyolia

Mwaka ule mafuta ya kujipaka yalipotea Tabora kama vile hayajapata kuwako. Sabuni tuliipata kwa foleni, sukari kwa kupimiwa, lakini yale mafuta meupe ya kopo yalipokwisha kwenye rafu za duka la ushirika, yalikwisha kabisa. Na ulikuwa mwezi wa saba. Anayeujua mwezi wa saba wa kwetu anajua ninachosema. Upepo mkavu unavuma toka alfajiri, midomo inapasuka, visigino vinafanya nyufa, na miguu ya watoto wanaokwenda shule inapauka kana kwamba wametembea kwenye majivu.

Nilikuwa bado mgeni katika nyumba ile. Niliolewa mtaa wa Mtendeni, hapo mjini, nikitokea Ziba, kwa wafugaji. Mume wangu alikuwa fundi cherehani, akishinda barazani kwake mpaka jioni, na mimi nikibaki nyumbani na mama yake. Mama mkwe wangu alitoka katika ukoo wa wafanyabiashara wenye asili ya Omani, watu wa mjini tangu mababu, mwanamke wa udi na marashi na kanga zilizopigwa pasi. Hakuwa mkali. Ila alikuwa na namna ya kunitazama nikipita, asiseme neno, na ule ukimya wake ulinitisha kuliko ukali. Mazungumzo yetu yalikuwa ya jikoni tu. Shikamoo mama, marahaba, chumvi ipo, mkaa umekwisha.

Siku moja nilimkuta uani anajisugua visigino kwa jiwe, na kimoja kinatoka damu. Nikasema bila kufikiri, "Mama, kwetu tukikosa mafuta tunajipaka samli."

"Samli!" akasema, akanikazia macho. "Niende kwenye maulidi ninanuka zizi?"

Kisha akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Alicheka mpaka jiwe likamponyoka, na mimi, baada ya kuhakikisha kwamba kweli anacheka, nikacheka naye.

"Samli hapana," akasema akijifuta macho. "Lakini nta tunayo."

Marehemu mume wake alikuwa akinunua asali na nta kutoka kwa warina asali wa porini, na stooni bado kulikuwa na donge la nta, la manjano, gumu, kubwa kuliko kichwa cha mtu. Tukalitoa, tukakwangua, tukayeyusha pamoja na mafuta ya karanga, tukamimina kwenye kopo. Asubuhi yake kisu hakikupenya. Tulikuwa tumetengeneza mshumaa! Tukayeyusha tena, tukazidisha mafuta ya karanga. Jua lilipopanda, kopo zima likawa mchuzi. Tukaendelea kupunguza na kuongeza kwa kikombe cha kahawa, mpaka tukapata mafuta yanayokaa bila kuganda sana wala kutiririka.

Nilidhani kazi imekwisha. Mama mkwe akajipaka mkononi, akaugeuza geuza mkono juani, akakunja uso.

"Hii ni nta na mafuta," akasema. "Yanang'ang'ania. Vumbi lote la Tabora litanigandia mimi. Yale ya dukani yalikuwa meupe, yana maji ndani yake. Ukipaka unasikia ubaridi."

"Basi tutie maji, mama."

Nilisema kirahisi namna hiyo, na hapo ndipo vita vilipoanza.

Tulitia maji. Nikachukua upekecho, nikapekecha kama napekecha mchuzi wa mlenda, mikono ikawaka moto, na kweli yakaanza kuwa meupe. Tukapigiana makofi. Tukafunika kopo kwa kisahani, mama mkwe akaenda kusali alasiri. Aliporudi akafunua. Mafuta yako juu, maji yako chini, na matone yamejipanga pembezoni.

"Yamelia," akasema kwa huzuni.

Tangu hapo hilo ndilo likawa neno letu. Kila asubuhi baada ya kufagia tuliulizana: leo yamelia? Na kila asubuhi yalikuwa yamelia. Tulijaribu kiini cha yai, kwa sababu mama mkwe alisema yai hushikamanisha keki. Siku ile yalitulia, yakawa laini kama hariri, nami nikaruka ruka uani kama mtoto. Lakini yai ni yai. Joto lilipoyapata, tulilazimika kuyafukia nyuma ya choo huku tumejifunga kanga puani. Tukajaribu unga wa ngano. Jirani yetu akaniona uso, akauliza kama tunakaanga maandazi.

Nitasema ukweli, sijawahi kuwa na siku tamu kama zile. Nilikuwa naamka kabla ya kuamshwa. Mama mkwe naye alianza kunisubiri, mkaa umeshawashwa, mikono ya kanzu yake imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Mchana mmoja mume wangu alirudi kula, akakuta masufuria yote yana nta.

"Leo tunakula nini?" akauliza.

"Kuna mkate," mama yake akamjibu bila kuinua kichwa. "Sisi tuna kazi."

Ijumaa moja akaja mjomba, ndugu wa mama mkwe, sonara wa siku nyingi. Alikuja kula chakula baada ya sala, kama kawaida yake. Akaliona kopo letu, akainama akatazama yale machozi.

"Mnatafuta nini humu?"

Dada yake akamweleza, kwa hasira kidogo, kama mtu anayemshtaki mtoto mtukutu. Mjomba akasikiliza huku anachambua ndevu.

"Bwana aliyenifundisha kazi," akasema, "alikuwa anamtengenezea mkewe mafuta ya namna hii pale pale kwenye kibanda cha usonara. Alitia ule unga mweupe wetu wa kuungia dhahabu, boraksi. Kidogo sana. Nta inaupenda ule unga, na unga unapenda maji. Nilikuwa namwona kwa macho yangu."

"Na ulikuwa unangoja nini kusema?" dada yake akamaka.

"Mlikuwa hamjaniuliza!"

Hakumaliza wali wake. Dada yake alimwinua, akamtuma kibandani, na mjomba akarudi na unga umefungwa katika karatasi. Akatupa onyo. Ni unga wa kazi, si wa jikoni. Usitiwe mdomoni, usipakwe kwenye kidonda, na watoto wachanga wasiguswe nao kabisa. Mama mkwe akaenda kuuficha juu ya kabati.

Tukaukoroga kwenye maji ya mtungi, tukamimina ndani ya mafuta ya moto, na palepale yote yakaganda chenga chenga, kama pumba zilizolowana. Mama mkwe akaketi juu ya kinu. Alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa.

Nikaichungulia ile sufuria. Nikakumbuka mama yangu akiyeyusha samli, na tone la maji baridi likidondokea humo, jinsi lilivyoigandisha pale lilipoangukia.

"Mama," nikasema, "nta inashtuka. Inakutana na baridi inaganda kabla haijachanganyika. Na unga wenyewe haukuyeyuka, tazama, uko chini ya kikombe. Tuchemshe maji nayo. Yawe na joto moja na mafuta."

"Joto moja utalijuaje?"

"Kwa mkono. Nitaweka mkono juu ya hii sufuria na juu ya ile."

Akanitazama. Si ule mtazamo wa zamani. Akainuka, akaleta jiko la pili.

Tukayaweka majiko mawili bega kwa bega. Nikayeyusha zile chenga upya na nta mpya na mafuta. Yeye akachemsha maji, akatia unga, akakoroga mpaka maji yakawa maangavu. Nikapitisha kiganja juu ya huku, juu ya kule. Bado. Bado kidogo. Sasa!

Akamimina taratibu, uzi mwembamba wa maji, na mimi napekecha. Lile jimanjano likawa zito, likafifia, halafu, mbele ya macho yetu, likageuka jeupe. Jeupe pepe! Kama maziwa, kama vile mtu amefungua pazia.

Mama mkwe akapiga ukelele. Majirani wawili wakaingia uani mbio, mmoja hajavaa viatu. "Kuna nini? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa! Njooni mtazame! Wewe usiache kupekecha!"

Sikuacha. Nilipekecha mpaka sufuria ikapoa, na ndipo mama mkwe alipotia marashi yake, kwa maana moto ungeyafukuza. Akampaka yule jirani asiye na viatu miguuni, palepale, amesimama. Jirani akasema, "Yana ubaridi." Mama mkwe akanigeukia, akarudia kwa sauti ya chini, "Yana ubaridi, mwanangu."

Kesho yake hayakulia, wala keshokutwa.

Habari zikasambaa mpaka sokoni, wanawake wakaleta vikopo. Mmoja akarudi na chake kimeota ukungu wa kijani, amenuna. Mama mkwe akamhoji kama hakimu, na ikabainika kwamba kopo lilioshwa likajazwa likiwa bado bichi, tena akawa anachota kwa vidole vyenye maji. Tangu siku hiyo hakuna kopo lililopokelewa uani kwetu bila kuchemshwa na kuanikwa juani hadi likauke kabisa, na tulitengeneza kidogo kidogo, ya kuisha mapema.

Dada yangu alikuwa ameolewa Bukene, katika kijiji cha ujamaa kilicho karibu na reli. Akatuma salamu kwamba kwao nta ipo, karanga zipo, na ngozi zinapasuka. Mimi nilitaka kuwapelekea makopo. Mama mkwe akasema, "Makopo yataisha. Twende tukawafundishe."

Hakuwa amepanda treni miaka mingi. Alivaa buibui lake zuri, akaketi karibu na dirisha, akashika ile karatasi ya unga mapajani safari nzima.

Wanawake wa kijiji walitungoja mbele ya ghala. Nikaamkia kwa lugha ya nyumbani, "Mwangaluka!" Mama mkwe, ambaye nilikuwa sijamsikia akitamka hata neno moja la kwetu, akapaza sauti nyuma yangu, "Mwangaluka!" Alilitamka kwa ulimi wa Kiarabu kabisa, na wale wanawake wakapiga vigelegele.

Kisha, mbele ya macho yao yote, mafuta yakakatika. Tulimimina, nikapekecha, yakawa meupe kidogo, yakaachana. Jasho likanitoka. Mama mkwe akapitisha mkono juu ya masufuria, nikamwona anageuza uso kuufuata upepo.

"Upepo," akasema. "Unapoza sufuria ya maji, ile ya mafuta imekingwa na ukuta. Tuingie ndani."

Wakabeba majiko wakikimbia, wakaning'iniza mikeka mlangoni. Tukapasha kila kitu upya, na safari hii sikupekecha mimi. Walipekecha wao, kwa zamu, wakiimba wimbo wa kutwangia, na yalipogeuka meupe ghala lote lilitikisika kwa kelele.

Wakapakana. Wakampaka mama mkwe mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, yeye akiwapaka mashavu, na hakuna aliyekumbuka saa mpaka treni ilipopiga honi. Tukatoka mbio, kijiji kizima cha wanawake na sisi katikati. Mama mkwe akakishika chuma cha mlango wa behewa, mkono ukateleza. Akashika tena, ukateleza tena. Alikuwa anacheka hata nguvu zimemwisha. Dada yangu na wenzake wakamsukuma kutoka nyuma, mimi nikamvuta kwa buibui, akaingia, na treni ikaondoka huku ameketi sakafuni mwa behewa, mikono inang'aa, anawapungia.