Karai la Maji na Sala ya Toba

Niliokoka nikiwa na miaka ishirini, kwenye mkutano wa injili uliofanyika uwanjani Kisauni, na kwa mwaka mzima nikawa mtu asiyevumilika. Sisemi kwamba sikuokoka. Nasema tu kwamba aliyeishi na wokovu wangu ule alikuwa mama.

Tulikuwa tumepanga Mishomoroni, katika nyumba ya vyumba sita, miaka ya tisini ilipokuwa ndiyo imeanza. Chumba cha mwisho, karibu na choo, alikaa kijana aliyekuwa kuli bandarini. Aliugua ule ugonjwa ambao wakati huo watu waliutaja kwa kunong'ona, akakonda, jamaa zake wakaacha kuja. Wapangaji wakatenga mitungi yao. Mama akawa anamwogesha kila asubuhi kwa karai letu la bluu, kisha anamnywesha uji.

Jambo hilo lilinitia hofu, wala si hofu ya ugonjwa, au ndivyo nilivyojiambia. Mama alibatizwa utotoni na Jumapili hakukosa kanisani, ila mchungaji alipowaita mbele wanaotaka kuokoka, yeye hakunyanyuka. Nikaona anategemea matendo yake. Nilimsomea mistari ya neema na imani hata wakati anapepeta mchele. Nilimpenda, na nililala nikiamini kabisa kwamba ataungua milele. Siku moja nikamuuliza kama anadhani karai litamfikisha mbinguni.

"Simkogeshi ili niende mbinguni," akasema. "Namkogesha kwa kuwa hawezi kukoga mwenyewe."

Asubuhi moja aliamka na malaria, meno yakigongana. Nikaona siwezi kungoja tena. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamwomba anifuatishe sala ya toba, neno kwa neno. Nilikuwa nalia. Akanishika mkono.

"Nitakufuatisha, mwanangu. Lakini yule hajakogeshwa. Wewe mwanamume mwenzake, nenda kwanza."

Nilitia maji ya moto karaini nikaenda mpaka mlangoni kwake. Harufu ikanisimamisha. Alikuwa amekaa kitandani, ameshavua shati, akifikiri ni mama. Nikaweka karai kizingitini, nikanyoosha mkono kutoka pale pale, nikaanza kumwombea uponyaji kwa sauti, kwa imani yangu yote. Niliomba muda mrefu. Yeye aliinamisha kichwa kwa adabu mpaka nikasema amina.

Kisha akaniambia taratibu, bila kinyongo, "Ndugu, maji yapoa."

Nikamjibu kwamba nakuja. Nilirudi chumbani, nikamwambia mama kwamba nimemwombea. Hakunigombeza. Alijifunga leso, akashika ukuta, akaenda, na mimi nikiwa nimekaa kitandani pake nikamsikia akimpa pole kwa kumcheleweshea maji.

Aliporudi alikuwa akitetemeka mwili mzima. Nilidhani atalala. Badala yake alipiga magoti sakafuni, akafumba macho, akaninyooshea mkono wake ungali majimaji.

"Haya," akasema, "nianzishie."

Sala ile nilikuwa nimeshawaongoza watu wengi kuiomba, barabarani na hospitalini, na maneno yake sikuwahi kuyasahau. Inaanza kwa kusema: Bwana, mimi ni mwenye dhambi. Nikayasema hayo, na sikuweza kuendelea.