Afisa Kazi Aliyetaka Kiganja

Kwetu Mwanza, mtu mwenye mikono michafu hakunyimi salamu: anakunja kiganja, anakupa kifundo cha mkono ushike. Kwenye kiwanda cha minofu ya sangara tulisalimiana hivyo kutwa nzima.

Mama mdogo ndiye aliyenilea, pale Mirongo, na ndiye aliyeniingiza kiwandani, wakati ule viwanda vya watu binafsi vilipoanza kujipanga kandokando ya ziwa. Tulisimama meza moja tukikata minofu kwenye barafu, mikono mitupu. Miiba ya sangara haina huruma. Viganja vyake vilipasuka, vikapona nusu, vikapasuka tena. Zamani kila Jumapili alinisuka. Sasa nywele zilinasa kwenye zile nyufa, zikamchoma, akaacha. Akasema nimekua, nijitafutie msusi. Niliumia, maana nilijua sababu si hiyo.

Asubuhi moja msimamizi akatugawia glavu mpya za mpira. Afisa kazi wa serikali anakuja, akasema. Akiuliza, jibu ni kwamba tunavaa kila siku. Langoni walijaa wanawake wanaozitaka nafasi zetu. Mama mdogo akaninong'oneza, "Wewe na huo mdomo wako, ufunge. Tukifukuzwa hapa tutakula nini?"

Nikaufunga, jambo ambalo si desturi yangu.

Afisa kazi alikuwa mama mtu mzima, mpole wa sauti. Aliuliza, tukaitikia kwa pamoja kama watoto wa darasa la kwanza: tunavaa kila siku. Hakubisha. Akasema basi tuvue kidogo tusalimiane, maana kwao hakufundishwa kusalimia mpira. Mama mdogo akavua, akapiga goti kidogo, akampa kifundo.

"Shikamoo, mama. Nanuka samaki."

"Marahaba. Hata mimi samaki nimemla jana. Nipe kiganja, mdogo wangu."

Akakigeuza, akakishika kwa mikono yake miwili, akazitazama zile nyufa. Mama mdogo akatazama sakafu. Yule mama akamgeukia msimamizi bila kukiachia.

"Glavu hizi hazirudi stoo. Nitakuja tena bila taarifa, na mikono hii nimeshaijua. Nikiikosa hapa, utanieleza iko wapi."

Alirudi kweli, tena zaidi ya mara moja, na kila akija alitusalimia wote kwa viganja. Hakuna aliyefukuzwa, na glavu zilibaki mikononi mwetu. Nikisikia mtu anaidharau ofisi ya kazi, eti ni meza na kalamu tu, huwa nagombana naye, hata kama ni msibani.

Masika yalipokwisha, Jumapili moja mama mdogo akaketi kwenye kigoda, akanikalisha mkekani katikati ya magoti yake bila kuniuliza. Vidole vyake vikapita kichwani mwangu, laini, havinasi popote. Machozi yakanitoka. Akadhani ananivuta mno, akalegeza.

"Kaza, mama," nikamwambia.