Tumbo la Dada

Juzi mpwa wangu alirudi na kazi ya Kiswahili akaniuliza, "Anko, kujigonjweza ni nini?" Mimi, ambaye hata kwenda kwa mama mboga nahitaji kubembelezwa, nikajiona profesa. "Ni kujifanya mgonjwa ili ukwepe kazi."  Halafu nikakumbuka tumbo la mama yake, dada yangu.

Mtaani Dandora miaka ya tisini, rafiki yangu, maji yalikuja yalipotaka, na mfereji wa bomba ulikuwa mmoja. Ulipanga mtungi kwenye laini ukushikie zamu, na mtungi ndio mtu: hakuna wa kuusogeza. Kwetu kazi hiyo ilikuwa ya dada. Na kila maji yalipokuja, dada alishika tumbo.

Shosho, nyanya yetu, alikuwa na kipimo chake: uji wa wimbi. Ukiumaliza, huumwi. Siku moja dada aliumaliza, na mwiko ukamshukia mgongoni, pa! pa! "Tumbo gani hili linaloogopa maji?"

Mimi, bado kitandani, nikacheka. "Sista, kesho jaribu kichwa."

Shosho akanigeukia. "Wewe mwenye meno, beba mtungi."

Nikaupanga mferejini. Binti wa muuza makaa, mikono minene kama mapaja yangu, akaupiga teke ukabingirika hadi mtaroni. "Dada yako hakukwambia hapa ni kwa nani?" Kabla sijajibu, akanichapa usoni na kipande cha mpira wa maji. Nikaangukia mitungi. Akanikanyaga vidole, akanichapa tena na tena, na laini nzima ikaangalia kando. "Ukisema nyumbani, kesho ni mara mbili."

Nilirudi na mdomo uliopasuka na mtungi mtupu, nikadai nimeanguka. Dada hakucheka. Aliinua blauzi kidogo tu: mbavuni alama zilezile za mpira, mpya juu ya za zamani.

Asubuhi iliyofuata tuliumwa tumbo wote wawili. Shosho akaleta uji. Akatazama mdomo wangu, akamfunua dada mbavu, akazitambua alama za mpira, akauweka uji chini. Akachukua mtungi na mwiko, akatoka kuelekea mferejini. Mayowe ya yule binti yalitufikia kitandani. Mtungi ulirudi umejaa. Mwiko ulirudi nusu.

Leo pale palipokuwa na mfereji pamesimama ghorofa, shosho tulishamzika, na uji wenyewe siku hizi ni wa pakiti. Dada akinipigia simu kwamba tumbo linamuuma, simuulizi kama amekula. Natafuta viatu niende kwake.