Viatu vya Baba vya Kuvalia Sketi ya Bendi

Ndugu zangu wa ukurasa huu, salamu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mama wa watoto watatu, nauza karanga na samaki wakavu Koboko, huku mpakani. Jina langu msilitoe hata herufi moja, mji wetu ni mdogo na wenye masikio ni wengi. Ninaandika kwa sababu ya viatu. Mtacheka mwanzoni, najua, lakini nisomeni hadi mwisho.

Baba yangu alikuwa katika bendi ya jeshi la serikali ile ya zamani. Alipiga zumari ya mfuko, na wapigaji wake walivaa kama Waskoti: sketi nzito ya mikunjo na soksi ndefu hadi magotini. Mwaka 1979 serikali ilipoanguka tulikimbilia Zaire. Baba alitupa viatu vyake porini, maana siku zile ukikamatwa kitu cha kwanza kutazamwa ni miguu, na kiatu cheusi cha kamba, alama ya askari, kilitosha kukuua. Sketi ilipona kwa sababu mama alimbeba nayo mdogo wangu mgongoni, ikadhaniwa ni shuka la mtoto. Zumari nayo ilipita ndani ya gunia la muhogo.

Mama hayupo tena. Mdogo wangu yule aliyebebwa kwa sketi sasa ni binti mkubwa, anaolewa baada ya Idi, na ombi lake ni moja tu: baba ampigie zumari akiwa amevaa sketi ile. Baba, ambaye tangu turudi ni mtu wa kukaa kimya kwenye mkeka wake, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akaishonea zumari mfuko mpya wa ngozi ya mbuzi. Vikabaki viatu, kwa kuwa ana kandambili tu.

"Mwanangu," aliniambia kwa Kiswahili chake cha kambini, "sketi naacha mguu wazi. Watu yote taangalia chini. Usilete ya kuchongoka, usilete ya kutumbukiza mguu tu. Leta nyeusi, ya kamba, mbele iko duara, kisigino fupi. Ya rahisi iko sawa, mimi tapiga rangi."

Nikaenda mjini Arua kwenye mitumba. Nilichambua rundo mpaka mgongo ukauma. Palikuwa na jozi moja ya ngozi, ndiyo hasa aliyoitaka, lakini bei ilinishinda. Nyingine ilikuwa ya plastiki, inang'aa kama sufuria mpya, na hiyo niliiweza, nikainunua. Muuzaji akaniuliza ni ya nani. Na mimi na mdomo wangu! Kwa furaha ya harusi nikamwaga yote: namba tisa, mzee wangu, sketi, zumari. Kando yake alikaa mwanamume wa makamo mwenye koti la kijani, wala hakuwa ananunua kitu. Akauliza taratibu, "Mzee bado iko na pumzi ya kupiga?" Nikasema sana. Akauliza tunakaa upande gani wa Koboko. Nikamwelekeza vizuri kabisa, kama mtu anayekaribisha wageni wa harusi.

Wiki haikuisha, yule wa koti akaja nyumbani mchana kweupe. Mkononi alikuwa na ile jozi ya ngozi, imetiwa kamba mpya.

"Hii iko zawadi, afande," alisema.

Neno hilo sikuwa nimelisikia nyumbani kwetu tangu utoto wangu. Baba aliinuka, akasimama wima. "Nani natuma?"

"Watu yako, wale iko ng'ambo. Vijana iko mingi, lakini hapana jua kutembea pamoja. Nataka mutu ya kupiga mbele."

"Mimi iko na harusi ya mtoto."

"Harusi kwanza, mzee. Sisi tangoja."

Chai niliyomletea hakuigusa. Kwetu mgeni hakatai chai isipokuwa ana haraka au ana ubaya, na yeye hakuwa na haraka.

Hapa kila mtu anajua maana ya ng'ambo. Ni kule msituni mpakani, wanakoingia vijana na wazee waliowahi kushika bunduki. Wachache wanarudi. Na askari wa serikali wakisikia, wanakuja kuwauliza walioachwa nyumbani. Mume wangu anasema tuvirudishe. Tuvirudishe kwa nani? Hata jina lake hatulijui. Na kumrudishia mtu wa namna hiyo zawadi yake ni kumjibu hapana.

Nilitumaini baba atavaa vile vya plastiki. Alivijaribu, akasema vinabana, akampa jirani. Tangu hapo kila asubuhi baada ya swala anavipiga rangi vile vya ngozi. Mgongo umenyooka, hata sauti imebadilika. Kinachoniuma zaidi ni kwamba ninafurahi kumwona hivyo. Nikimuuliza ananijibu, "Ya harusi, mwanangu. Ya harusi tu."

Juzi aliviacha uani akaenda msikitini. Nikaviokota nivifute vumbi, nikavigeuza. Soli zote mbili zimepigwa misumari mipya ya vichwa vipana, kama viatu vya askari, kutoka kisigino mpaka vidoleni. Harusi zetu tunacheza juu ya mikeka. Hakuna anayepigilia misumari viatu vya kukanyaga mkeka.

Bibi harusi hajui lolote, kutwa anaimba. Nikivificha viatu, yule mtu nyumba anaijua, mimi ndiye niliyemwelekeza. Nikiviacha, baba atamtoa binti yake kwa zumari, watu watashangilia, naye naogopa akishaanza kutembea hatasimama. Ninyi mliowahi kuwa na mzee wa hivi, nishaurini, nimzuieje baba yangu? Idi imekaribia. Asubuhi hii nilikuwa nawasha moto, nikamsikia nyuma ya nyumba anajaribu hatua, peke yake, ko, ko, ko, ko.