Ngozi Aliyoileta Ilyasi

Watu wa mtaa wetu wa Buyenzi walikuwa wakimtania mume wangu kwamba ukimwagiza mkanda Ramadhani hii, utauvaa Ramadhani ijayo. Walimtania, lakini walirudi. Twahiru alikuwa fundi wa ngozi hapo kwenye kibaraza cha nyumba yetu: meza moja, cherehani ya miguu iliyopiga kelele mtaa mzima, na kisu ambacho mimi mkewe sikuruhusiwa hata kukatia kitunguu. Alishona mikanda, sandali, mikoba ya akina mama na mifuko ya vifaa ya mafundi wa magari.

Mafundi wengine wanakuuliza unataka nini. Yeye alikuuliza utakitumia vipi. Ukitaka mkanda, hakupima kiuno chako, alikwambia ulete ule wa zamani, akaangalia tundu lililochakaa. Ukitaka mkoba, alikwambia mimina hapa mezani kila unachobeba, na nimewaona wake za wakubwa wa Kigobe wakimwaga vitu vyao pale mbele ya wapita njia huku wakiona haya. Komande ikiwa kubwa, oda ya vitu vingi, alishona kimoja kwanza, akakupa ukae nacho siku tatu. Ukirudi umeridhika, ndipo akakata vilivyobaki. Mimi nilimwambia anajichelewesha bure. Akanijibu kwamba ngozi ikishakatwa haiungani tena.

Kwa kazi, basi, hakuamini mtu wala kitu mpaka akishike. Kwa watu ilikuwa kinyume, na hapo ndipo palipomponza.

Aliyemletea ngozi alikuwa Ilyasi, kaka yangu, tumbo moja baba mmoja. Mwenye ulimi mtamu, huyo. Angeweza kukuuzia viatu vyako mwenyewe ukamshukuru. Miaka tisa alizunguka kwa wachinjaji na watengeneza ngozi, akaleta, na miaka tisa Twahiru hakuwahi kufungua bunda la Ilyasi kulikagua mbele yake. Alisema kumkagua shemeji ni kumtukana. Kikulacho ki nguoni mwako. Wenye msemo huo sijui walimwona kaka yangu wapi.

Mwaka tisini na saba, ambargo, vikwazo vya nchi jirani, ikiwa imetubana, mafuta ya kupimiwa na sukari ya kunong'onezana, Mzee Obeid akaja kibarazani. Ni mfanyabiashara wa ukoo wa Kiarabu, duka lao lilikuwapo kabla baba yangu hajazaliwa. Alikuwa amefiwa na mkewe, Bi Kaltum, na watoto thelathini wa madrasa walikuwa karibu kuhitimu Kurani. Alitaka kila mtoto apewe msahafu ndani ya mfuko wa ngozi, sadaka ya marehemu.

"Twahiru, mwanangu," alisema, "nataka kitu ambayo mutoto atarisisha mutoto wake."

"Niletee musahafu wenyewe, Mzee," Twahiru akamjibu. "Siwezi kupima kwa maneno."

Alitawadha kabla ya kuushika. Alishona mfuko mmoja: ng'ombe kwa nje, na ndani bitana ya ngozi ya mbuzi, laini, kipande cha mwisho alichokuwa nacho. Mzee Obeid alikaa nao siku tatu, akarudi macho yamemlowa. Akasema shona.

Kitambaa cha bitana hakikupatikana mjini, na ngozi ya mbuzi iliyotengenezwa vizuri ilikuwa adimu, dawa za kutengenezea zilikuwa hazivuki mpaka. Ilyasi akasema mniachie mimi. Baada ya siku nne akaja na bunda kichwani. Nilikuwa nimekaa mlangoni nachagua maharage. Nilimwona akilitua, nikamsikia.

"Mbuzi?" Twahiru aliuliza, macho yakiwa kwenye sindano.

"Mbuzi, wallahi, shemeji. Nimeisugua na kuipaka rangi kabisa, we kata tu."

Ilikuwa imesuguliwa hasa, nyororo, rangi ya damu ya mzee. Twahiru alishona mifuko ishirini na tisa kwa majuma matatu, uzi wa nta ameubana kwa meno kama kawaida yake. Ikapelekwa. Misahafu ikaingizwa. Khitma ilipangwa Ijumaa.

Jumanne yake, mtu mmoja akasimama kibarazani, kofia mkononi. Jina lake Népomuscène, anakaa Kinama, anatengeneza ngozi kwenye mashimo upande wa Buterere. Hatukuwa tunamjua. Alikuja na furaha ya fundi anayetaka kuona kazi yake imefika wapi.

"Fundi, iko sawa ile ngozi yangu? Ilyasi aliniambia munashona bitana. Nguruwe yangu ni laini, eh? Iko na ingine sita, kama munataka."

Twahiru akaiweka sindano mezani. Népomuscène akanitazama, akaitazama kofia ya mume wangu, ile nyeupe ya kushonwa kwa mkono, na nikaona uso wake unavyobadilika.

"Mais... lakini Ilyasi alijuwa," alisema polepole. "Nilimwambia. Alikuja akaona hata banda yao. Mi siwezi kuficha nguruwe."

Twahiru aliingia ndani akatoa vipande vilivyobaki. Akatafuta ukingo wa tumbo, mahali ambapo msasa haukufika. Aliinua juani, akaniita nione. Vitundu vya vinyweleo vilikuwa vitatu vitatu, kila mahali vitatu vitatu. Mbuzi hana hivyo. Akakaa chini. Ngozi ya mzoga ikitengenezwa inatoharika, hilo tulifundishwa wote tukiwa wadogo. Ya mbwa na ya nguruwe, hata uifanyeje, hapana. Na hiyo ndiyo ilikuwa imekumbatia maneno ya Mungu katika nyumba ya Mzee Obeid.

Aliosha mikono mara saba, moja kwa udongo. Aliosha kinywa hivyo hivyo. Kisha akasema, "Kesho naenda kumwambia Mzee."

Jioni ile Ilyasi alikuja, akapita moja kwa moja jikoni. Sikumpa hata kiti.

"Ulijuwa?" nilimuuliza.

"Nilijuwa, ndiyo. Mbuzi ningetoa wapi na hii ambargo? Nani angeona? Imepakwa rangi!" Akashusha sauti. "Assia, bwana yako akisema, mi nimekwisha hapa Buyenzi. Musemeshe anyamaze."

"Musemeshe mwenyewe. Ni we ulileta nguruwe, si mi."

Alitoka. Nilijisikia mkubwa sana usiku ule, nimemwambia kaka yangu ukweli usoni. Laiti ningejua ushujaa wangu ni wa jikoni tu.

Asubuhi Twahiru alivaa kanzu. Lakini si mtu wa kubisha hodi kwa mzee kabla hajamaliza kunywa chai yake, kwa hiyo alisubiri mpaka saa tatu. Ilyasi hakusubiri. Alimkuta Mzee Obeid msikitini baada ya swala ya alfajiri, akamlilia, machozi kabisa, kwamba amegundua jambo baya na imani yake haimruhusu kunyamaza: Twahiru amenunua ngozi ya nguruwe kwa mtu wa Kinama ili apate bei rahisi. Mume wangu alipofika dukani, aliambiwa abaki nje.

Nawaambia, nimeshuhudia mengi katika vita vya nchi yetu miaka ile. Nimeona majirani waliokula sahani moja wakielekezana kwa vidole. Lakini yule aliyelia kwa ajili ya dini mbele ya Mzee, na kumbe nguruwe kambeba mwenyewe kichwani, alikuwa kaka yangu, na nilitamani nimtapike.

Alhamisi baada ya alasiri tuliitwa nyumbani kwa Mzee Obeid. Wanaume walikaa sebuleni: Mzee, imamu, wazee watatu, Ilyasi, na Twahiru. Wanawake tulikuwa chumba cha ndani, mlango wazi kidogo. Mama yangu, Bi Mwanne, alikaa kando yangu. Mifuko thelathini ilikuwa ndani ya gunia, na hakuna aliyetaka kukaa karibu nalo.

Népomuscène alikuwa amekuja na Twahiru. Alisimama getini, hakukaribishwa ndani, akaeleza kutoka pale pale: aliyenunua ni Ilyasi, alinunua akijua, fundi amemwona Jumanne kwa mara ya kwanza. Hakuyumba neno. Kutoka Kinama kuja mpaka kwetu siku zile za vita haikuwa safari ya mchezo, na hakuna aliyemlipa kuja.

Ilyasi akacheka kidogo. "Wazee, mutachukua neno ya mutu wa nguruwe? Wameisha patana. Na tena angalieni: ule mufuko wa kwanza, wa kuonyesha, iko mbuzi. Hii ingine yote nguruwe. Ni nani anashonaga ya kwanza nzuri ili mutu aridhike?"

Ile tabia ya mume wangu, ya kumpa mtu kimoja akae nacho, Ilyasi alikuwa ameigeuza kamba ya kumnyongea. Imamu akamtazama Twahiru, akamuuliza ana shahidi mwingine, Mwislamu.

"Niko naye," Twahiru alisema. "Mke wangu. Alikuwa mulangoni siku bunda linaletwa, na alisikia. Ni dada ya huyu, hawezi kumuonea. Muulizeni. Chenye atasema, ndicho."

Aliliweka jina lake lote pale, hivyo tu, bila hata kugeuka kuangalia kama niko tayari.

Mzee Obeid akaniita nije mlangoni. Nilipoinuka, mama alinishika kitambaa changu. Lazima nieleze mama alikuwa nani siku zile. Mwaka tisini na tano mdogo wetu Seifu alitoka asubuhi kwenda Ngagara, siku ambayo mji ulifungwa kwa vurugu, na tulimpata baada ya siku mbili. Tangu hapo mama alikuwa anakaa kwa Ilyasi, anakula kwa Ilyasi, na kila Ilyasi akichelewa kurudi alisimama barabarani mpaka amwone. Alinivuta nikainama.

"Seifu nilishamuzika," alinong'ona. "Huyu usinizikie, Assia. Bwana yako atashona vitu vingine."

Nilikwenda mlangoni. Ilyasi alikuwa anatazama zulia. Twahiru alikuwa ananitazama mimi, na uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, uso wa mtu ambaye kesi yake imeshakwisha.

"Mama Houda," Mzee Obeid alisema kwa upole, akiniita kwa jina la mwanangu, "nani alileta ile ngozi?"

Nilikuwa na maneno yote. Nilikuwa na "mbuzi, wallahi", nilikuwa na "nilijuwa, ndiyo" ya jikoni. Nyuma yangu nikasikia pumzi ya mama.

"Mi sijuwi, Mzee," nilisema. "Mambo ya ngozi ni ya wanaume. Mi niko wa jikoni."

Népomuscène alivaa kofia yake, akageuka akaondoka. Mzee Obeid aliuliza, na sauti yake ilikuwa imechoka, "Twahiru, unasemaje?"

Mume wangu aliendelea kunitazama kidogo. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo.

"Nilisema chenye atasema, ndicho," alijibu. "Kama yeye hajuwi, basi ni mi nilinunua."

Mifuko ilizikwa. Watoto walihitimu Ijumaa wakiwa wamebeba misahafu imefungwa kwa vitambaa vyeupe, na Ilyasi ndiye aliyetoa vitambaa, akashukuriwa mbele ya watu. Watu walikuja kuchukua komande zao hata ambazo hazijakwisha. Mtu mmoja alirudisha mkanda alioufunga miaka sita. Watoto wa mtaa wakampa mume wangu jina, Fundi Nguruwe, na baadhi yao walikuwa wale ambao alikuwa akiwashonea mipira kwa vipande vya bure. Aliuza cherehani. Akawa anatoka asubuhi kwenda Ngagara, akikaa karibu na mabasi madogo, akibandika soli za viatu vya wafanyakazi wa serikali ambao hawakujua jina lake wala hawakuliuliza.

Nyumbani hakubadilika, na hilo ndilo lililonimaliza. Alinisalimia, aliniuliza kama chumvi ipo, alinipa pole nikiugua. Afadhali angenitukana. Afadhali angenipiga talaka moja nikajua nimelipa. Kitu kimoja tu kiliondoka: hakuniuliza tena nafikiri nini juu ya jambo lolote. Kaka yangu nilimchukia waziwazi, nikamwambia hivyo, akanijibu kwamba mimi ndiye niliyemwokoa. Kweli tupu. Yeye alimsaliti shemeji yake. Mimi nilimsaliti mtu aliyeniamini kuliko macho yake.

Mama alifariki mwaka elfu mbili na moja, kitandani, Ilyasi kamshika mkono, kama alivyotaka. Arobaini ilipokwisha nilivaa buibui yangu, nikamfuata Twahiru pale Ngagara, kwa sababu nyumbani nisingeweza kuyatoa. Alikuwa na kiatu cha mtu magotini.

"Nakwenda kwa Mzee Obeid," nilimwambia. "Bado yuko hai. Nitasema yote, mbele ya imamu, mbele ya Ilyasi. Nitasema nilidanganya."

Alichovya kidole kwenye gundi, akapaka soli, akaisubiri ikauke kidogo.

"Apana, Assia," alisema. "Mbele ya wazee nilishasema ni mi. Sasa unataka na mi nikuwe muongo?"

Akaibandika soli, akaigonga kwa nyundo, akamwita mwenye kiatu.